Mizani mitatu, kilo tofauti: niamini upi?

SWALI

Dada Mshauri, salamu kutoka Umoja, hapa Nairobi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 41, nafanya kazi ya kukaa siku nzima dukani mjini. Baada ya Pasaka mwaka huu nilienda kliniki nikaambiwa presha imepanda. Nilianzishiwa dawa, na muuguzi akaniambia wazi kwamba mwili nao lazima upungue. Nikakubali. Chapati za kila jioni nimeziacha, soda nimeiacha, na nikitoka kazini nashukia Mutindwa nimalizie safari kwa miguu.

Wiki hiyohiyo chama chetu kikaamua kufanya mashindano. Tuko wanane, kila mmoja alitoa shilingi 2,000, na atakayepunguza kilo nyingi kufikia mwisho wa Julai anachukua zote 16,000. Tulipimwa nyumbani kwa mwenyekiti, kwenye mzani wake wa mshale ulio juu ya kapeti sebuleni. Mimi nilisoma 92. Nilipofika nyumbani nilijipima kwenye mzani wangu wa betri ukasema 88.6. Kule kliniki nilikuwa nimeandikiwa 90.5, nikiwa na dera jepesi na ndara. Hapo nikaanza kushangaa, lakini nikanyamaza.

Sasa mambo yamechacha. Mweka hazina amenunua mzani mpya wa kidijitali, na kikundi kimesema kipimo cha mwisho kitafanyiwa kwake kwa sababu ule wa mwenyekiti ni wa kizamani. Jumamosi nilipita kwa mwenyekiti asubuhi nikapanda mzani wake, ukasema 87. Nikaenda kwa mweka hazina papo hapo, ukasema 89! Kwa hesabu hiyo nimepungua kilo 3 tu. Mzani wangu wa nyumbani unasema 82.9. Kliniki wiki iliyopita waliniandikia 86, ingawa nilikuwa na sweta, koti na buti kwa sababu ya baridi hii ya Julai. Na kuna mwenzetu mmoja aliyechelewa kujiunga, akapimwa kwenye mzani mpya tangu mwanzo, ambaye anatamba kwamba ameshapunguza kilo 4 na pesa ni zake.

Nimekuwa mtumwa wa mizani, dada. Najipima asubuhi, jioni, na wakati mwingine usiku nikitoka kuoga. Juzi Jumapili tulikula nyama choma na ugali kwa shemeji, Jumatatu asubuhi nikakuta nimepanda kilo 1.6. Nililia. Siku hiyo sikula chakula cha mchana wala cha jioni, na kesho yake nikapata kizunguzungu stejini hadi kondakta akanishika mkono. Mume wangu anasema nitupe mzani nje. Binamu yangu wa Mombasa naye anasema shida ni Nairobi kuwa juu, ati huku mizani haisomi sawasawa.

Wenzangu wawili wanakunywa chai ya kupunguza mwili inayouzwa mjini, na nilifikiria niinunue kwa wiki hii ya mwisho. Niambie, mzani upi unasema ukweli? Au ninunue mwingine mzuri zaidi niamue mambo?

Mama Wawili, Umoja

JIBU

Mama Wawili, mzani mwingine usinunue. Utakupa namba nyingine, basi, na kelele itaongezeka.

Hebu tufanye hesabu ambayo kwa hasira hukuifanya. Kwa mwenyekiti umetoka 92 hadi 87: kilo 5. Nyumbani kwako, 88.6 hadi 82.9: kilo 5.7. Kliniki, 90.5 hadi 86: kilo 4.5, lakini mara ya kwanza ulivaa dera na ndara, na mara ya pili sweta, koti na buti. Nguo hizo za baridi hazikosi kilo moja zaidi, na buti nzito huenda zikazidisha hapo. Ukiitoa, kliniki nayo inakaribia 5.5. Kwa hiyo mizani yote mitatu inasema jambo moja, kwamba umepungua kilo 5 na kitu. Unaogombana nao ni huu wa nne, wa mweka hazina, nao hata hauna kosa: haukukuona mwezi wa Aprili, utajuaje umepungua kiasi gani?

Umeniuliza upi unasema ukweli. Huenda hakuna. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513 ya Sheria za Kenya, inataka mzani wa biashara ukaguliwe na kupigwa muhuri, kwa hiyo ule wa muuza nyama una mtu anayeuchunga. Wa bafuni hauna. Umetoka kiwandani, ukapakiwa, ukarushwarushwa kwenye magunia hadi dukani, ukaletwa Umoja, na hakuna aliyewahi kuuuliza chochote. Mzani wa nyumbani kukosea kilo moja au mbili ni kawaida, hata ulio mpya. Upya wa mzani wa mweka hazina si ushahidi wa usahihi.

Lakini wewe hukuhitaji kujua uzani wako kamili. Ulihitaji kujua umeshuka kiasi gani. Saa ya ukutani inayotangulia dakika tano itakudanganya kuhusu saa ngapi, ila ukiitumia kupima muda wa maharagwe jikoni, itakupa muda sahihi, mradi usianze na saa ya ukutani ukamalizia na ya simu. Chama chenu ndicho kilichotaka kufanya hivyo.

Mizani hukosea kwa namna tatu, na kila moja ina uzito wake. Kuna unaoongeza au kupunguza kiasi kilekile kila mara, tuseme kilo 3 juu; huo hauna madhara kwa anayejipunguza, kwa kuwa zile 3 zimo mwanzoni na mwishoni, zinafutana. Kuna unaozidisha kwa asilimia, kiasi kwamba kilo 5 za kweli zinaonekana 5.2, hasara ndogo, mtu hapotezi usingizi kwa gramu 200. Na kuna usiojirudia: unapanda unasoma 83, unashuka, unapanda tena unasoma 84.5. Huo wa tatu ndio mbovu, na ndio peke yake ambao mumeo ana haki ya kuutupa.

Kuujua, fanya hivi. Weka mzani wako kwenye sakafu ngumu, saruji au vigae, miguu yake yote minne ikiwa imekanyaga sawasawa bila kucheza. Weka betri mpya. Betri inayoisha husababisha vituko. Panda mara tatu ukisimama katikati bila kuegemea upande. Kuna mizani ya betri iliyotengenezwa kijanja: inakumbuka namba yako ya mwisho na kukurudishia ileile ili ionekane thabiti. Kwa hiyo kati ya kupanda na kupanda, mpandishe mtoto mmoja kwanza, au panda ukiwa umebeba kitu kizito, kisha rudi wewe peke yako.

Halafu nenda kabatini. Mzani uliopigwa muhuri nyumbani huna, lakini uzani uliochungwa na sheria unao: paketi ya unga ya kilo 2. Panda ukiwa umeshika kiondo kitupu, andika. Tia paketi tano za unga humo, panda tena. Namba ipande kwa kilo 10. Ikipanda 9.9 au 10.1, mzani wako ni mzuri kwa kazi unayoutakia hata kama haukubaliani na wa kliniki. Ikipanda 9 au 11, una tatizo la kweli. Usiweke unga peke yake juu ya mzani, maana mizani mingi ya bafuni haijali vitu vyepesi hivyo. Na usitumie mtungi wa maji wa lita 20 kama watu wanavyopenda kushauri. Ukiujaza hadi shingoni huingia zaidi ya lita 20, na hapo utaulaumu mzani bure.

Kuhusu kapeti la mwenyekiti: ndiyo, linaharibu. Mzani wa mshale una springi na vyuma vya kusukumana ndani yake, na umetengenezwa ukitarajia kitako chake kukaa juu ya kitu kigumu. Kwenye kapeti nene kitako kinadidimia, na namba inaweza kupanda au kushuka kutegemea ulivyoundwa. Wa kidijitali nao una vihisio kwenye ile miguu minne. Ikizama kwenye manyoya ya kapeti, sehemu ya uzani inapita pembeni bila kuhesabiwa. Ila sikiliza: kwa kuwa Aprili mlipimwa juu ya kapeti, kipimo cha mwisho nacho kifanywe juu ya kapeti hilohilo, mahali palepale. Atakayekuja na wazo la kuuhamishia jikoni siku ya mwisho ili usome vizuri, mwambieni amechelewa.

Nafasi ya binamu yako wa Mombasa pia tuimalize. Ana ukweli kidogo sana. Mvuto wa dunia hupungua ukipanda juu, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, kwa hiyo mzani wa springi au wa betri utakusoma mwepesi kidogo huku kuliko pwani. Kwa mtu wa kilo 90, tofauti hiyo haifiki gramu 100. Glasi ya maji inazidi hapo. Na kama kliniki wanatumia ule mzani wa kusukuma vyuma kwenye mtaimbo hadi usawazike, huo hauguswi kabisa na mwinuko, kwa kuwa unalinganisha uzani na uzani.

Sasa Jumatatu yako ya machozi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nishati ya kama kalori 7,700. Ili uongeze kilo 1.6 za mafuta kwa usiku mmoja, ungekula kalori 12,000 na zaidi juu ya mahitaji yako. Tukisema chapati moja ina kalori 300, hizo ni chapati 40 na ushee, baada ya kushiba. Kwa shemeji hamkuziona chapati hizo.

Ulichobeba ni maji, na chakula ambacho hakijatoka. Chumvi ya nyama choma na kachumbari inashika maji mwilini. Wanga wa ugali, mwili unapouweka akiba kwenye misuli na ini, kila gramu inahifadhiwa pamoja na maji ya gramu 3 hivi. Ndiyo maana mtu akipunguza ugali na chapati wiki ya kwanza hushuka haraka, akasherehekea, na akila sahani moja kubwa hupanda haraka, akalia. Siku za kukaribia hedhi wanawake wengi huvimba kwa kilo moja au mbili. Hata kutembea kwako kutoka Mutindwa, ukizidisha siku moja hadi misuli ikauma, huleta maji ya muda. Mwili wa mtu mzima mwenye afya hupanda na kushuka kilo moja hadi mbili ndani ya siku moja bila mafuta kuongezeka hata kijiko. Wewe unajipima mara tatu kwa siku. Unapima bomba la maji, dada yangu.

Jipime asubuhi tu, baada ya kwenda haja, kabla ya chai, bila nguo au na nguo zilezile, mzani ukiwa haujasogezwa. Ukiweza kutazama namba bila moyo kudunda, jipime kila siku, uandike, halafu mwisho wa wiki ujumlishe ugawe kwa saba. Linganisha wastani wa wiki hii na wa wiki iliyopita, siku mojamoja usizisemeshe. Ukiona namba inakuharibia siku, na kwa barua yako naona inakuharibia, basi mara moja kwa wiki inatosha, Jumatano kwa mfano. Jumatatu ya Nairobi haifai. Wikendi bado imo tumboni. Na mzani ukae kwa mumeo siku nyingine zote.

Ongeza futi ya fundi wa nguo. Haina betri. Pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umepumua nje kwa kawaida, bila kuvuta tumbo ndani. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba kwa mwanamke hatari ya magonjwa ya moyo na sukari huanza kuongezeka kiuno kikizidi sentimita 80, na huongezeka sana kikizidi 88. Kuna wiki mzani utagoma na sketi italegea. Hiyo futi itakuonyesha.

Chai hiyo usiinunue. Nyingi ya chai za namna hiyo zina sanamaki, ile dawa ya kuharisha ya wazee. Inatoa maji na choo, mafuta yanabaki palepale, na kilo zinarudi ukishakunywa maji. Kwa mtu mwingine ningesema ni kupoteza pesa. Kwako wewe ni hatari, kwa kuwa unameza dawa za presha, na baadhi ya dawa hizo zenyewe zinakojoza. Ukiharisha juu yake unapoteza maji na madini ya mwili, potasiamu hasa, ambayo moyo unaihitaji upige sawasawa. Kizunguzungu cha stejini kilikuwa onyo la namna hiyohiyo: dawa ya presha ndani ya mtu aliyekaa siku nzima bila chakula. Kakieleze kliniki, usisubiri tarehe yako. Na wale wenzako wawili waambie haya, hata kama mnashindana.

Turudi kwenye zile 16,000, maana najua ndizo zinazochemka kwenye kundi lenu la WhatsApp. Haki iko hivi: kila mtu amalizie kwenye mzani alioanzia. Ninyi saba mlioanza kwa mwenyekiti, mmalizie kwa mwenyekiti, hata uwe wa kizamani, hata kioo kiwe na ufa. Aliyechelewa na akaanzia kwa mweka hazina, amalizie kwa mweka hazina. Hapo kilo zake 4 ni halali, na zako 5 ni halali, na mnaweza kulinganishwa. Kuhusu yeye kupata muda mfupi zaidi, hilo mlitakiwa kulijadili siku mliyompokea, sasa limeshapita.

Kama kikundi kitang'ang'ania mzani mpya kwa wote, bado kuna njia. Siku moja, asubuhi moja, kila mmoja apande mizani yote miwili, mmoja baada ya mwingine, na nguo zilezile. Tofauti ya kila mtu iandikwe mbele ya jina lake. Wewe tofauti yako ni 2, maana Jumamosi ulisoma 87 na 89. Basi ile 92 yako ya mwanzo inasomwa 94 kwa mzani mpya, na 94 ukitoa 89 unabaki na kilo 5 zilezile. Msichukue tofauti ya mtu mmoja mkawapa wote. Mzani unaokosea kwa asilimia humwongezea zaidi mwenye kilo 110 kuliko mwenye 70. Na msome mshale mkiwa wima mbele yake, asiyesimama juu ndiye asome. Anayeinama kusoma mwenyewe anahamisha uzani, na mshale unacheza.

Mkipanga mashindano mengine, gawanyeni kilo alizopungua mtu kwa uzani wake wa mwanzo, mpate asilimia. Mwenye kilo 70 hawezi kushindana kilo kwa kilo na mwenye 110. Pia pigeni marufuku kufunga kunywa maji siku ya mwisho. Binafsi siyapendi sana mashindano haya, yanawafanya watu wazima wajinyime maji kwa ajili ya shilingi 16,000, lakini mmeshaingia.

Ukikosa la kuandika kwenye kundi, nakili hili: "Dada zangu, naomba kila mmoja apimwe mwisho kwenye mzani aliopimwa mwanzo, mahali palepale, asubuhi, kabla ya chai. Kama tunataka mzani mpya, basi wote tupande yote miwili siku moja na tofauti ya kila mtu iandikwe. Mwenyekiti, kapeti lisiguswe." Tuma mapema, kabla ya Jumamosi, watu wakiwa bado hawajui nani anaongoza. Ukisubiri hadi matokeo yatoke, hata hesabu sahihi itaonekana ni ya mtu anayetafuta pesa.

Kliniki utakaporudi, vua koti na buti kabla ya kupanda mzani, na mwambie muuguzi kwamba wiki iliyopita ulipimwa nazo ili aandike pembeni. Kisha uliza presha imesoma ngapi. Hilo ndilo lililokupeleka huko, na katika barua yako yote sijaiona namba yake hata mara moja. Kupungua asilimia 5 ya uzani mara nyingi huanza kuishusha, na wewe umeshafika hapo au umepita. Ikiwa imeshuka, dawa usiiache wala kuipunguza mwenyewe. Daktari ndiye atakayeamua.